Mtumbwi wa Unga

Kwetu Bukoba, mtu akitaja mtumbwi usikimbilie kufikiri ziwa. Upo mtumbwi wa kuvukia maji, na upo mtumbwi wa pombe, lile gogo refu lililochimbwa tumbo, linalolala migombani nyuma ya nyumba mwaka mzima, likinyeshewa na kuanikwa. Kihaya chetu kinaviita vyote viwili obwato. Wala hakuna aliyewahi kuchanganyikiwa, maana ukialikwa kwenye obwato wa jirani unajua mwenyewe kama uende na kasia au uende na kibuyu.

Nimeanzia huko makusudi. Nataka kusimulia chombo nilichokikuta Gaithersburg, Marekani, jikoni kwa bibi mmoja Mhangari, na nikianza na Marekani moja kwa moja hamtaelewa mume wangu alifanya nini, wala kwa nini alikuwa na uhakika kiasi kile.

Mume wangu, Mungu amlaze pema, alikuwa fundi wa kukanyaga. Pombe yetu ya ndizi, rubisi, hukanyagwa kwa miguu ndani ya mtumbwi, ndizi mbivu zikichanganywa na nyasi, mpaka maji yake yatoke matamu kama asali. Kazi ya wanaume hiyo, sisi wanawake tulikuwa tunasimama pembeni tukiwacheka mapaja. Mume wangu alikuwa na miguu mipana na alijisifia miguu ile kuliko uso wake, na kwa haki kabisa, uso haukuwa na mengi. Nilimpenda nikiwa nje ya mtumbwi namtazama ndani ya mtumbwi. Watu wengine huulizwa mlikutana wapi wakasema kanisani.

Sasa Marekani. Binti yetu ni nesi, alikuwa akifanya kazi hospitali kwa zamu, na alipojifungua mtoto wa pili akatuita. "Mama, njooni, mtoto namwachia nani?" Tukaenda. Ilikuwa miaka ile ya simu za kukunja, kila mtu anaifungua simu yake kwa mbwembwe kama anafungua chaza. Watoto tukawalea, wakakua, wakaanza shule, wakaanza kutujibu Kiingereza. Nasema, "Njoo ule," ananielewa vizuri kabisa, na jibu linatoka kwa Kiingereza. Hawakuwa na dharau, maskini, ndivyo ulimi wao ulivyoota. Wakienda shule na mama yao kazini, tunabaki wazee wawili na televisheni. Mimi shule niliishia darasa la tatu, yeye la nne, na lile darasa moja alinitambia maisha yote.

Katika jengo letu, ghorofa ya juu yetu, aliishi huyo bibi Mhangari. Mjane, mrefu, mkavu, mifupa ya vidole imevimba mpaka kikombe anakishika kwa viganja viwili. Mwanawe wa kiume alikuwa anaishi Arizona, mbali, ni safari ya ndege, na alitaka mtu wa kukaa na mama yake mchana asije akaanguka. Binti yangu akamwambia, "Mama yangu yupo." Nikawa napanda asubuhi, na mume wangu ananifuata nyuma eti kunisindikiza, halafu haondoki. Bibi alimpenda kwa sababu alikuwa anakunywa kahawa yake kali bila kukunja uso. Kahawa tumezaliwa nayo, tungekunjaje uso?

Kiingereza cha bibi na changu vilikuwa viwete wawili, kila kimoja kinachechemea mguu wake, ila vikishikana mkono vinafika. Kwa hiyo maneno nitakayoyaandika hapa yalisemwa kwa Kiingereza cha namna hiyo, na mimi nayavalisha nguo safi ya Kiswahili.

Siku moja, majani ya miti nje yameanza kuwa mekundu, aliniambia nyumba itauzwa. Mwanawe atakuja kumchukua akaishi kwake. Hakulia. Aliniambia, "Kuna kitu kimoja nataka kabla sijaondoka. Nataka kuoka mkate wa mama yangu, mara moja. Mikono yangu imekufa. Wewe una mikono."

Nikamwambia mikono hii hapa.

Akanituma kabatini nikatoe chombo. Nikavuta shuka, nikaona. Nilimwita mume wangu kwa Kihaya, kwa sauti mpaka bibi akashtuka. Kilikuwa mtumbwi! Mdogo, urefu wa mtoto wa kutambaa, mweupe wa kuzeeka, umechongwa kwa mkono kutoka mti mmoja, kingo nyembamba, na ndani unaona alama za shoka la kuchongea kama magamba ya samaki. Mume wangu alipiga magoti pale kapeti akaupapasa kama anampapasa ndama.

"Hiki mnakiitaje?" akamuuliza bibi.

"Teknő."

Wenyewe huandika ile o ya mwisho na vijistari viwili juu, nami nitaandika tekno, mnisamehe. Bibi akatueleza. Zamani kwao walikuwepo wachongaji waliokuwa wakipiga kambi kando ya mto, palipo na miti laini, wanachonga msimu mzima halafu wanapita vijijini kuuza. Kila nyumba ilikuwa na tekno zake. Tekno ya kufulia. Tekno ya kuogeshea watoto. Na hii, ya kukandia unga wa mkate. Hata kobe kwao huitwa chura wa tekno, kwa sababu ya lile gamba lake lenye tumbo. Hapo mume wangu alicheka mpaka akakohoa. "Chura amebeba mtumbwi mgongoni! Hawa watu wana macho."

Bibi alipitisha kidole chake kibovu chini ya chombo, penye ufa mrefu. "Imekauka," akasema. "Hewa ya moto ya nyumba hizi. Sijui kama itashika unga." Pembeni kote, kwenye zile alama za shoka, kulikuwa na magamba ya unga wa zamani, magumu, ya kijivu. Nilifikiri ni uchafu wa kusahaulika. Bibi akachoka, akaenda kulala, mazungumzo yakaishia hapo, na laiti angekuwa na nguvu ya dakika chache zaidi tusingekuwa na hadithi.

Nikashuka kupokea wajukuu kwenye basi la shule. Mume wangu akabaki.

Niliporudi nilimkuta mwanamke amesimama mbele ya mlango wa bibi, anaugonga kwa ngumi. Nilikuwa namwona kwenye lifti siku zote, anaishi jirani nasi, chini hasa ya bafu la bibi. Mwanamke wa makamo, nyusi nzito, kitambaa cha jikoni begani, viatu vya ndani. Mumewe alikuwa anafanya kazi kwenye maabara mojawapo ya dawa zilizojaa kule. Hatujawahi kusemezana zaidi ya kutikisa kichwa.

"Darini kwangu kunanyesha!" akaniambia. "Mvua! Ndani ya nyumba!"

Nikafungua. Mume wangu yuko mbele ya televisheni anatazama mieleka, na sauti ya maji inasikika mpaka sebuleni. Tukakimbilia bafuni mimi na yule mwanamke. Lile beseni lao kubwa la kujilaza lilikuwa limejaa na kufurika, koki iko wazi, na katikati, taratibu, tekno ya bibi inaelea.

Nilifunga koki. Nilijiandaa kwa matusi ya yule mwanamke. Nikageuka. Ameweka mkono kifuani.

"Tekne," akasema. Hakumwambia mtu. "Hii ni tekne. Bibi yangu alikuwa nayo."

"Tekno," nikamsahihisha, nikidhani nami nimekuwa mwalimu.

"Kwetu Azerbaijani, tekne."

Kabla sijamjibu, tukasikia magurudumu ya kile kigari cha bibi cha kutembelea. Amesimama mlangoni na soksi zake kwenye maji. Hakutazama sakafu, alitazama beseni. Maji yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele.

Mume wangu akajitokeza nyuma yake, anatabasamu, na hilo tabasamu linaniuma mpaka leo kwa sababu lilikuwa la mtu aliyefanya wema. "Bibi, tazama! Ufa umefunga. Kwetu mtumbwi ukikauka tunaunywesha siku moja kabla ya kukanyaga. Mti unakunywa, unanenepa, unafunga wenyewe. Na uchafu nimekusugulia."

Na kweli ufa ulikuwa umefunga. Sijawahi kuona kazi nzuri kama ile ikiwa mbaya kiasi kile.

Bibi aliinama kwa shida, akaingiza mkono majini, akaokota kipande cha unga kilicholainika chini. Akakibana. Kikapita katikati ya vidole. Akaniomba nizibue maji yaende, nikazibua, na akasimama pale akiyaangalia mpaka lile shimo likakoroma mara ya mwisho. Kisha akakaa juu ya kifuniko cha choo na kutueleza kile ambacho mchana hakukifikia.

Tekno ya mkate haiogi. Ya nguo inaoga, ya watoto inaoga, ya mkate hukwanguliwa tu, na kinachobaki pembeni kinakauka kinasubiri. Siku ya kuoka unamimina maji ya uvuguvugu, kile kilichokauka kinaamka, na hiyo ndiyo chachu. Hakuna hamira. Mama yake alioka hivyo, na alipokuwa mzee na binti yake ameshahamia Marekani, alioka mara ya mwisho, akaacha unga pembeni bila kukwangua, akaifunga tekno ndani ya matambara na kuipakia melini. Bibi akaipokea, akaiamsha, na toka hapo akawa kila akioka anabakisha. Mama alikufa huko, bibi hakuwahi kurudi kumzika. Mkate uliendelea.

"Sasa umeisha," akasema. Wala hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira.

Jioni nyumbani mimi ndiye niliyekuwa na hasira kwa niaba yake.

"Nani alikutuma, wewe mwanaume?"

"Mti mkavu hunyweshwa."

"Wewe na mti wako! Umeuliza?"

"Alisema wanaogeshea watoto humo."

"Humo kwenye ya watoto! Darasa la nne hilo limekusaidia nini?"

Binti yetu, anakula amesimama ili awahi zamu, akasema, "Mama, mwache Baba. Kwani angejuaje?" Mume wangu hakula. Alitazama miguu yake, ile miguu mipana, ndani ya soksi nene za Marekani. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba alipoona ule mtumbwi mdogo umepasuka alihisi kama ameachiwa kazi yake mwenyewe mbele yake. Miaka yote tangu tufike hakuna kitu katika nchi ile alichokuwa anajua kukitengeneza. Unamgombezaje mtu baada ya hapo?

Kesho yake alikwenda kwa miguu supamaketi, kando ya barabara ambazo hazikutengenezwa kwa watu wenye miguu, akarudi na pakiti ya hamira. Bibi akaishukuru, akaiangalia kama mtu aliyeomba maziwa akaletewa picha ya ng'ombe, akaiweka dirishani.

Ndipo yule mwanamke wa chini akapanda. Tulidhani amekuja kwa ajili ya dari. Alikuwa ameshika chupa ya kioo yenye mdomo mpana, imefunikwa kitambaa, na ndani kuna uji mzito wenye mapovu. Akaiweka mezani.

"Nene," akamwambia bibi, ndivyo wanavyowaita mabibi kwao, "mimi pia ninayo. Ya bibi yangu. Niliileta ikiwa imekaushwa, imefungwa kwenye leso, ndani ya viatu vya mume wangu."

Bibi akatikisa kichwa. "Asante. Si yangu."

Mume wangu, ambaye kimya humwasha kama upupu, akauliza imekuwaje mmoja aseme tekno na mwingine aseme tekne na wametoka nchi ambazo hazipakani. Hapo yule mwanamke akavuta kiti. Kumbe kwao alikuwa mwalimu wa lugha, na kule Gaithersburg hakuwa amepata mtu wa kumfundisha chochote, hata watoto wake. Alieleza kwamba Wahangari zamani sana hawakuwa pale walipo. Walikuwa mashariki, kwenye nyika za farasi, wakiishi jirani na watu wa lugha za ukoo mmoja na yake. Wakachukua kwao maneno ya vitu ambavyo jirani humwonyesha jirani, mifugo, mimea ya shambani, vyombo. Kisha wakahama kwenda magharibi na maneno yakiwa mizigoni. Na ndugu zake Waturuki, akasema, wakisema tekne leo wanaweza kumaanisha chombo cha unga, na wanaweza kumaanisha boti.

"Boti!" Mume wangu aliruka. "Nilijua! Obwato! Ni obwato!" Ikabidi nieleze mimi, maana yeye alikuwa ameshaanza kuwaonyesha kukanyaga. Kwamba sisi hatuna undugu na nyika wala farasi, na bado tulipochimba gogo tuliona boti, na ng'ambo ya mpaka Waganda wanasema eryato kwa boti na kwa mtumbwi wa pombe, maji ni yaleyale.

Bibi alikuwa anasikiliza. Akanyoosha kidole kwenye bakuli la matunda. "Alma," akasema, kama anamjaribu mtu.

"Alma!" akajibu mwanamke. Ni tufaha, kwa wote wawili, bila kupunguza wala kuongeza.

"Árpa," bibi akasema. Shayiri.

"Arpa!"

"Tyúk."

"Toyuq!" Hiyo ni kuku, na yule mwanamke akapiga mabawa kutuelewesha. Wakaendelea, mbuzi, kondoo dume, rangi ya manjano, mmoja anatupa na mwingine anadaka, wanapandishana sauti kama wasichana wanaoruka kamba. Mume wangu akaona wivu. "Na ndizi je?" akauliza. Wakamjibu kwa pamoja, "Banan!" Akafurahi kwanza, halafu uso ukamshuka. "Aa. Hiyo hata mjukuu wangu anaijua."

"Mkate?" nikauliza mimi.

Hapo wakakwama. Bibi akasema kenyér. Mwanamke akasema çörək. Havifanani hata kwa kulazimisha. Walitazamana, na niliona bibi anarudi kule alikokuwa, ile furaha inamtoka usoni taratibu.

Lakini mwalimu ni mwalimu, hakumwacha. Akaisukuma chupa yake mezani. "Nene, chombo mlichukua kwetu. Mmekaa nacho miaka elfu. Chukueni na chachu basi."

Bibi akamtazama. "Mlitupatia? Nani kakwambia mlitupatia? Labda tuliiba."

"Basi iba tena. Mimi natazama pembeni."

Na kweli akageuza uso ukutani, na bibi, kwa viganja vyake viwili, akaivuta ile chupa upande wake.

Tukaanza mchana huohuo. Yeye kwenye kiti, mimi nimepiga magoti mbele ya tekno juu ya kitambaa, mwanamke anapima maji kwa kiwiko. Mkate wa kwao bibi una viazi ndani, na mume wangu akapewa kisu amenye, akiwa mpole kama kondoo. Aliuliza mara moja tu kama hatuhitaji mtu wa kukanyaga. Wanawake watatu tulimjibu kila mmoja kwa lugha yake, akarudi kwenye viazi.

Nimekanda maandazi na chapati maisha yangu yote, ila bibi alinifanya mwanafunzi. Alikuwa anaugusa unga kwa mgongo wa kidole, kama unavyomgusa mtoto shavu kujua kama ana homa. "Bado." Nakanda. "Bado." Jasho linanitoka, barabara kuu ya 270 inavuma nje kama kawaida yake, mabega yanawaka. "Bado, mpenzi." Niliona vidole vyake vinatembea mapajani, vinakanda hewa, vinafuata mikono yangu. Mpaka akasema, "Sasa," na akafumba macho, kana kwamba yeye ndiye aliyechoka.

Tukafunika kwa shuka. Mume wangu akasema kwetu tungefunika kwa majani ya mgomba, akachomekea shuka pembeni, vizuri, kona kwa kona.

Asubuhi nilifunua mimi. Unga ulikuwa umepanda hadi kingoni, na harufu iliyotoka pale ilinifanya nikae chini. Sikuitegemea. Ilikuwa harufu ya rubisi ya siku ya pili, ule uchachu wenye utamu ndani yake, harufu ya asubuhi ambayo mtumbwi unachemka bila moto chini ya majani na nyuki wameshajua. Mume wangu alikuwa nyuma yangu.

"Unasikia?" akaniuliza kwa Kihaya.

"Nasikia."

"Sasa hivi wangekuwa wanakuja."

Alikuwa na maana ya majirani, na vibuyu vyao, na yule kaka yake aliyekuwa anafika wa kwanza akijifanya amepita tu. Wengi wao wakati ule walikuwa wameshakufa, na mtumbwi wetu wenyewe tulikuwa tumeambiwa kwa simu kwamba mchwa wameushambulia. Alienda kusimama dirishani. Nje hakukuwa na mgomba, kulikuwa na magari yamepangwa na majani makavu yanapeperuka. Sikumfuata. Kuna wakati mtu unamwachia dirisha lake.

Tulioka. Mkate ulitoka mkubwa, wa duara, umepasuka juu, rangi ya udongo wetu baada ya mvua. Bibi akakataa usikatwe mpaka upoe, na kungoja kule kulikuwa kugumu kuliko kukanda. Mwishowe akaniambia kata. Nikakata, nikampa yeye kwanza kipande, ganda na nyama yake. Alikipeleka puani, akakikalisha hapo, ndipo akauma. Alitafuna kwa muda mrefu akitazama mezani. Sote tulikuwa tunamtazama mdomo, mume wangu zaidi, amekunja ngumi kama yuko kwenye ile mieleka yake.

"Mkate mzuri," bibi akasema.

"Wa mama yako?" mume wangu akauliza. Hakuweza kujizuia.

"Hapana." Alisema kwa upole kabisa. Akamwonyesha mwanamke wa chini kwa kidevu. "Wa mama yake."

"Wa bibi yangu," yule mwanamke akasema, akijifuta macho kwa kile kitambaa cha begani. "Mama yangu alikuwa hajui kuoka hata kidogo, Mungu amsamehe, tulikuwa tunamficha unga." Bibi akacheka na mkate mdomoni, na akaendelea kula. Alikula mpaka ganda. Lakini nilikuwa nimeona, na nadhani mume wangu pia aliona, namna alivyouma tonge la mwisho bado akitafuta kitu, kama mtu anayepapasa ukuta wa chumba cha giza akijua swichi ilikuwa hapa.

Mwanawe alifika Jumamosi na maboksi bapa ya kukunja. Mtu mzima mwenye mvi, mpole, ana haraka. Mwanamke wa chini alikuwa amepanda kuaga, mume wangu anafunga kamba, na tekno imelala mezani haijaoshwa, unga umeanza kukauka pembeni. Yule bwana akaona nusu ya mkate chini ya kitambaa. Akakata kipande bila kukaa, kama walavyo watoto, akauma huku anatafuta mkasi wa kukatia utepe wa gundi.

Akaacha kutafuta.

"Mama," akasema. Akauma tena. Sauti yake ikawa ndogo, ya umri mwingine. "Mama, ni ule. Wa bibi, mama yako. Kabisa. Ule uliokuwa unauoka kwa namna yake nilipokuwa mtoto. Nilidhani sitauonja tena."

Mwanamke wa chini alifungua mdomo, mwalimu yule, tayari kusahihisha. Mume wangu aliinama kwenye kamba zake. Bibi hakumtazama yeyote kati yetu. Alikuwa anamtazama mwanawe anavyotafuna, na sijui kama nilichokiona usoni mwake kilikuwa faraja au kilikuwa upweke wa mtu aliyebaki peke yake na ladha ambayo hakuna mwingine duniani anayeweza kumshuhudia. Labda vyote hukaa nyumba moja.

"Ndiyo," akamwambia. "Ule ule. Kaa chini ule vizuri."

Na kwa kidevu akaniashiria nimkatie kipande kingine.